Mifuko Saba

2 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Barua hii anakuletea dereva wa basi la asubuhi, yule mrefu. Shemeji yako amemkabidhi mkononi pale dirishani anapokatia tiketi, kwa hiyo ikipotea tunajua wa kumshika. Tangu simu yako ilipovunjika sina pa kukusikia. Ulisema ilikuponyoka. Hiyo ni simu ya pili tangu mwaka uanze, Dada. Inakuponyokaje kila mara?

Mimi bado ni wa kitandani. Mimba imetimiza miezi saba na daktari hataki nisimame ila kwenda msalani, maana ile ya mwaka juzi anaikumbuka, na mimi naikumbuka zaidi yake. Kule maktaba meza yangu amepewa mtu mwingine kwa muda. Nasikia anapanga vitabu kwa ukubwa, kimo kwa kimo. Nimeambiwa nisikasirike, kwa ajili ya mtoto.

Kazi niliyobakiwa nayo ni kukusomea ugonjwa wako. Ile karatasi waliyokupa kliniki mwezi wa kwanza, uliyoniletea nikutafsirie, imeandikwa kwa lugha ya wenyewe na kwa herufi za kuwasomesha sisimizi. Nimeiandika upya kwa Kiswahili, herufi kubwa, kurasa nne. Bandika ukutani karibu na cherehani. Kubwa kuliko yote ni hili: zile dawa mbili si sawa. Ya kwanza ni vidonge sita, Jumatatu tu, mara moja kwa wiki. Ya pili ni ile vitamini, kidonge kimoja kila siku isipokuwa Jumatatu. Wanapendekeza kasha lenye vyumba saba, kila siku na chumba chake, ili mtu asijichanganye.

Mwezi wa tano uje, tafadhali. Mama hayupo, na sina mwingine wa kuwa naye siku hiyo.

Mdogo wako


4 Machi

Bi Vitabu wangu,

Marahaba. Kurasa nne nimezipokea na nimezibandika. Wateja wanadhani ni bei mpya, wanazisoma kwanza kabla ya kunisalimu.

Simu ziliponyoka kwa sababu ni nyembamba na zinateleza, basi. Mwandiko wangu usiuchunguze. Naandikia juu ya goti.

Kasha la vyumba saba la nini kwa fundi? Nimeshona kitambaa kizito chenye mifuko saba, nimekitundika kwenye msumari. Jumatatu nimeizungushia utepe mwekundu ili nisisahau kuwa ndiyo siku ya vidonge sita kwa mpigo na ya kutapika mpaka jioni. Ungekiona ungeagiza na wewe.

Kuhusu mwezi wa tano, sikuahidi. Nina sare za shule, mashati themanini, na mwalimu mkuu anapita hapa kila siku na ule uso wake. Tutaona.

Wewe lala. Ukinisumbukia mimi, mtoto atazaliwa na makunyanzi.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. "Tutaona" yako naijua tangu nikiwa na miaka sita. Maana yake ni hapana.

Nimempata mtu wa kukusaidia. Hospitali ya huko kwenu ina kikundi cha wenye baridi yabisi, wanakutana kila Alhamisi alasiri kwenye chumba cha nyuma ya kliniki. Anayewaongoza ni muuguzi wanayemwita Bi Taratibu, kwa sababu kila mtu akiinuka yeye husema, "Taratibu." Wanafundishana namna ya kushika vitu, kufungua vitu, kupumzisha viungo. Wana maelezo kwa herufi kubwa na mengine ya kusikiliza kwa asiyeweza kushika karatasi. Nenda mara moja tu. Ukichukia, usirudi.

Na kipimo cha damu cha kila mwezi, ulikwenda? Imeandikwa kwenye ukurasa wa tatu, nimeipigia mistari miwili.

Huniambii vidole vinaendeleaje. Unaniambia habari za mwalimu mkuu.

Mdogo wako


14 Machi

Mpenzi wangu,

Marahaba. Vidole viko kumi, nimevihesabu.

Huko Alhamisi siendi. Wagonjwa wakikaa pamoja kazi yao ni kushindana nani anaumwa zaidi, na mimi sijawahi kupenda mashindano. Halafu nikionekana pale, kesho mji mzima utajua kwamba fundi hana mikono. Nani ataniletea kitambaa? Kipimo nitakwenda sare zikiisha.

Utafurahi kusikia kwamba mifuko saba inafanya kazi. Nimejaza vidonge vya wiki nzima, na vilivyobaki nimevigawa kwenye vikopo viwili visivyo na vifuniko. Zile chupa za dawa zilikuwa zinachukua nafasi ya makasha ya uzi dirishani, nikazimwaga zote mbili kwenye bakuli moja, nikakaa kuchambua. Usitoe macho. Ni kweli dawa zote ni za manjano na ukubwa ni mmoja, lakini mimi huu ni mwaka wa ishirini na tano nalinganisha uzi na kitambaa. Kuna manjano iliyopauka na kuna manjano iliyokolea. Iliyokolea ndiyo ya Jumatatu. Mtu mwingine angechanganya, mimi rangi siikosei.

Msalimie shemeji. Mwambie dereva wake anaendesha vibaya, barua ilifika ikinuka mafuta.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimetoa macho. Nimeyatoa na bado hayajarudi.

Kwa nini uzimwage? Chupa zilikuwa na majina. Una hakika gani kwamba iliyokolea ndiyo ya Jumatatu? Uliichambulia wapi? Pale kwenye cherehani, chini ya lile turubai la buluu linalobadilisha kila rangi? Wewe mwenyewe huwa unawatoa wateja nje juani ndipo wachague uzi.

Nakuomba usimeze chochote mpaka uvipeleke dirisha la dawa wavitazame. Ni mwendo wa dakika ishirini. Wala usiniandikie, nenda kwanza.

Mdogo wako


23 Machi

Dada,

Siku saba. Shemeji yako anasema dereva alikukabidhi mwenyewe, ulikuwa umejifunga mtandio mpaka mdomoni na hukutaka maneno mengi. Ulikwenda dirisha la dawa? Niandikie neno moja tu, "nimekwenda", nitaridhika.

Nimekuwa mtu wa kusikiliza basi likiingia stendi. Kutoka kitandani nalisikia honi. Halafu nasubiri hatua za mume wangu, na namjua akija mikono mitupu kwa jinsi anavyochelewa kufungua mlango.

Mdogo wako


27 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, na unisamehe kimya. Nilikuwa na mashati, na uchovu umenishika wa ajabu, nakaa kwenye kiti nasahau nilikaa nifanye nini. Naona ni umri. Mdomo nao umetoka vidonda, ndani na nje, hata uji unanichoma, ndiyo maana ya mtandio. Nadhani ni chai niliyokunywa ikichemka. Na mikono ya juu ina madoa meusimeusi kama nimejigonga, wala sikumbuki kujigonga.

Dirisha la dawa sikwenda. Usinifokee. Nilikwambia rangi siikosei, na ushahidi huu hapa: Jumatatu mbili zilizopita sikutapika hata kidogo. Nimemeza sita zangu na nikashona siku nzima. Mwili umeizoea dawa, mpenzi. Hilo ndilo jambo nililotaka ufurahie.

Kipimo nitakwenda wiki ijayo.

Dada yako


28 Machi, saa tatu asubuhi

Dada,

Mwandiko huu si wangu. Ni wa karani wa basi wa huko kwenu. Namsomea kwa simu ya mume wangu, na yeye anaandika kila neno ninalosema, hata hili. Nimemwomba akukimbilie na asiondoke mlangoni mpaka umalize kusoma.

Hukutapika Jumatatu kwa sababu Jumatatu unameza vitamini. Zile dawa umezibadilisha. Ile ya mara moja kwa wiki unaimeza kila siku, kidogo kidogo, na mwili haupati siku ya kupumzika. Vidonda vya mdomo, uchovu, madoa, vyote vimeandikwa kwenye karatasi yako, ukurasa wa nne, chini ya "kimbilia hospitali". Inaharibu damu, Dada. Watu hufa.

Usimeze hata kimoja. Tungua kitambaa msumarini, chukua vikopo na kila kitu, nenda navyo sasa hivi. Karani atakupeleka. Wateja waache na mlango wazi.

Naogopa sana. Ningekuja mwenyewe kwa miguu lakini siwezi kusimama.

Mdogo wako


29 Machi

Kwako mke wa karani wa tiketi,

Hatujuani. Mimi ni kinyozi wa mlango wa pili kutoka kwa dada yako, nanyoa watu jirani naye miaka tisa. Ameniruhusu nikuandikie, yaani hakunikataza, maana kusema kunamuuma.

Dada yako yuko wodini na anapumua vizuri. Jana karani wa basi wa hapa alifika na karatasi, dada yako akamwambia asubiri amalizie kola. Karani akasimama mlangoni akaisoma kwa sauti, barabara nzima ikasikia. Ndipo akainuka. Nilifunga kibanda tukaenda naye, mteja wangu akiwa amenyolewa upande mmoja, na kusema kweli hakulalamika. Wamempima, chembe nyeupe za damu zimeshuka sana. Dawa imesimamishwa, wamempa nyingine ya kuiondoa sumu mwilini, na wanampima kila asubuhi. Daktari anasema angechelewa wiki moja zaidi tungempoteza.

Sasa ninakiri. Chupa hakuzimwaga yeye. Vile vifuniko ni vya kubonyeza huku unazungusha, vimetengenezwa watoto wasifungue, na yeye pia hafungui. Tangu mwezi wa kwanza mimi ndiye niliyekuwa nazifungua kila asubuhi. Aliniapisha nisimwambie mtu, na wewe ndiye mtu aliyemtaja. Siku ile nilikuwa na wateja watatu kwenye benchi, nikachoka kwenda na kurudi, nikasema, "Mama Fundi, ngoja nizimwage zote mara moja tupumzike." Nikachukua bakuli la kwanza nililoliona. Yeye akasema haina neno, atazichambua.

Kuna jingine. Mwezi wa pili wote aliyekata vitambaa vya sare ni mimi. Yeye anachora chaki, mimi nakata. Hawezi kushika mkasi tena. Ukiona watoto wa shule wana kola zinazotazama pembeni, ujue ni mkono wa kinyozi.

Nisamehe. Sikuwa najua kwamba dawa inaweza kumdhuru aliyepewa.

Kinyozi


30 Machi

Dada,

Shikamoo. Muuguzi akusomee hii polepole.

Nimelia, kisha nimekasirika, na sasa sijui nimefika wapi. Nilikuuliza vidole vinaendeleaje, ukanijibu viko kumi. Kinyozi alijua, chaki ilijua, na benchi la wateja labda lilijua. Mimi niliyetumbukia kwenye vitabu kwa ajili yako ndiye niliyekuwa gizani.

Na mimi nina langu. Habari ya vyumba saba niliileta mimi. Niliandika kurasa nne juu ya dawa na sikuuliza hata mara moja kama unaweza kuifungua chupa. Nilidhani maelezo yakiwa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kazi imekwisha.

Kwa nini hukuniambia?

Mdogo wako


7 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Anayeandika ni Bi Taratibu, nami natamka. Amekubali kwa sharti kwamba nisimdanganye hata yeye.

Damu inapanda. Vidonda vimekauka, jana nimekula mkate. Wanasema nitatoka Ijumaa, na dawa ya Jumatatu sitairudia mpaka daktari aseme.

Umeuliza kwa nini. Ile mimba ya mwaka juzi ilitoka siku tatu baada ya mimi kukupigia simu nikilia habari za kodi ya kibanda. Najua daktari alisema haihusiani. Mimi sikumwamini. Nikaapa safari hii hutasikia kwangu ila vicheko.

Haya, sasa sikiliza. Chupa siwezi kufungua. Vifungo siwezi kufunga, navaa magauni ya kuingiza kichwani. Kikombe nakishika kwa viganja viwili. Simu zilianguka kwa sababu vidole havikunijulisha kwamba vimeziachia. Asubuhi nakaa kitandani saa nzima nikisubiri mikono iamke, na siku nyingine haiamki. Habari ya mkasi kinyozi ameshanichongea kwako. Sindano bado naitia uzi, usiniulize namna gani, nikitumia meno. Naogopa, mdogo wangu. Nikikosa mikono sijui mimi ni nani.

Alhamisi Bi Taratibu alinisukuma kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye kile chumba cha nyuma, bila kuniuliza. Walikuwepo watu kumi na moja. Akaniambia niwaeleze. Nikaona aibu, nikaeleza hivyo hivyo, bakuli, turubai la buluu, majivuno yangu ya rangi. Nilitegemea wacheke. Seremala mmoja mzee akasema yeye naye humwaga za kwake, kwenye kopo la misumari. Halafu mwalimu mstaafu akasema yeye huzifunga kwenye leso. Na mwingine akainua mkono. Tulikuwa wanne jumla. Wote tunamwaga kwa sababu moja, na hakuna aliyewahi kumwambia daktari.

Basi tukaenda dirisha la dawa, msafara mzima, taratibu. Nikamuuliza mfamasia: hii ni dawa ya watu wasio na nguvu vidoleni, mbona mfuniko wake unataka bondia? Akainama, akatoa vifuniko vya kawaida kwenye sanduku chini ya meza. Vilikuwepo siku zote. Ilikuwa ni kuomba tu. Sasa anampa kila mmoja wetu chupa ya kifuniko chepesi, na ile ya Jumatatu ina karatasi ya herufi kubwa: MARA MOJA KWA WIKI. Seremala atamtengenezea na ubao wa dirishani wa kuwaambia watu waombe kifuniko chepesi.

Kuna neno moja limebaki, na Bi Taratibu aliweka kalamu chini akanitazama mpaka nikalitamka. Mwezi wa tano sikukukatalia kwa sababu ya mashati. Nilikukatalia kwa sababu utanipa mtoto nimshike, na mimi nitamwangusha.

Dada yako


12 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma mara nne, na ya mwisho nilimsomea mume wangu, akatoka nje akajifanya anatafuta kuku ambao hatufugi.

Sikukuita uje kunibebea mtoto. Nilikuita kwa sababu nami naogopa. Kila asubuhi kabla sijafumbua macho naweka mkono tumboni nisikie kama bado yupo. Nilikuficha hili ili usiache dawa zako ukaja kunilinda. Tazama tulivyokuwa tukilindana.

Njoo na mikono hiyo hiyo.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera. Dereva hakungoja kushuka, alinitolea kichwa dirishani akasema, "Msichana, na mama yake mzima." Niliketi chini palepale stendi, kwenye vumbi, watu wakadhani nimezidiwa.

Haya nimeandika mwenyewe kwa kalamu nene waliyonifungia sponji. Imenichukua asubuhi nzima na mapumziko mawili, kwa hiyo usiniulize habari nyingi. Kinyozi anakata vizuri siku hizi. Mwalimu mkuu ameomba kola za mwaka ujao zitazame mbele, nikamjibu itategemea wateja wa kunyolewa.

Alhamisi iliyopita Bi Taratibu alileta mfuko wa unga wa kilo tatu, ameufunga kitambaa na kuuchora macho. Akaniketisha, akaweka mto mapajani, akaniambia nisitumie vidole kabisa. Kichwa kinalala kwenye kiwiko, mgongo unalala kwenye mkono, mkono wa pili unazunguka juu. Nikakaa nao nusu saa nzima. Unga haukuanguka.

Nakuja kesho na basi la asubuhi. Shemeji asinisubiri dirishani kwake. Aje mpaka kwenye ngazi za basi anishike chini ya kwapa, maana ni ndefu, na achukue begi, sitaweza kulibeba. Usiku utanifungua gauni. Asubuhi mniache saa nzima msiniamshe kwa kazi.

Nikifika, niketishe kwanza, niwekee mto, halafu nipe mtoto.

Dada yako